Baridi ya Saa Nne Asubuhi si Baridi ya Saa Nne Usiku

Kosa lililonifundisha mengi kuhusu mimea halikuwa la kupima vibaya wala la kuchanganya kemikali. Lilikuwa kosa la kutotazama saa ya ukutani. Nilikuwa nafanya utafiti wa shahada ya pili, na swali nililopewa lilionekana jepesi: mmea ukitolewa kwenye joto la wastani na kuingizwa kwenye baridi, ni jeni zipi zinazoanza kufanya kazi na ni zipi zinazonyamaza? Nilikuwa na trei mbili za Arabidopsis thaliana, mmea mdogo wa jamii ya haradali ambao wanabayolojia wa mimea wanautumia kama watafiti wa tiba wanavyowatumia panya. Trei ya kwanza niliiacha katika chumba chenye nyuzi 22 za Selsiasi, na ya pili nikaihamishia, saa mbili asubuhi, kwenye kabati lenye nyuzi 4. Papo hapo nikachuma majani ya trei ya kwanza, nikayafunga kwenye karatasi ya alumini na kuyatumbukiza katika nitrojeni kimiminika, ambayo ilichacharika kwa muda mfupi kisha ikatulia, na majani yakawa yanavunjika kama kigae chembamba. Nikaenda kwenye shughuli nyingine. Saa kumi na moja jioni nikarudi, nikachuma majani ya trei ya pili.

Baada ya wiki mbili nilikuwa na jedwali la kupendeza. Kati ya jeni 12 nilizozipima, 9 zilikuwa zimebadilika sana, na kichwani mwangu nilikuwa nimekwisha kuandika nusu ya tasnifu. Msimamizi wangu aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu, na hakuniuliza lolote kuhusu baridi. Aliuliza, "Hii trei isiyopata baridi uliichuma saa ngapi?" Nikamjibu kuwa asubuhi. "Na hii nyingine?" Jioni, mwalimu. Akanirudishia karatasi yangu. "Basi hapa hukupima baridi peke yake. Umepima baridi pamoja na mchana kutwa."

Nilirudia jaribio, safari hii nikichuma trei zote mbili kwa saa zilezile. Jeni 4 kati ya zile 9 hazikuonyesha tofauti yoyote. Mabadiliko yake yalitokana na siku kusonga tu, si baridi. Kilichonishangaza zaidi ni jeni 2 nilizokuwa nimezitupa kwa kuwa hazikubadilika. Kumbe katika mimea ya joto jeni hizo hushuka kila jioni kwa kawaida yake, na baridi ilikuwa imezizuia zisishuke. Mimi niliona utulivu, nikadhani hakuna kitu, ilhali utulivu huo ndio uliokuwa athari ya baridi. Tangu siku hiyo nimeshindwa kuufikiria mmea kama kitu kinachopokea tu hali ya hewa. Unapoupelekea baridi, unakuta tayari una saa yake mkononi, na jibu utakalopata linategemea saa hiyo inasema nini.

Kwamba mimea ina saa si habari mpya. Mwaka 1729 mwanafalaki wa Ufaransa, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliripoti kuwa mmea wa aina ya kifauwongo uliofungiwa gizani uliendelea kufunua majani mchana na kuyakunja usiku, ingawa haukuona jua. Karne moja baadaye, mwaka 1832, Augustin de Candolle alionyesha kwamba mmea wa namna hiyo ukiachwa katika hali isiyobadilika hurudia mwendo wake kila baada ya saa 22 au 23, wala si 24 kamili. Tofauti hiyo ndogo ina uzito mkubwa, kwa maana kama mmea ungekuwa unafuata ishara fulani ya nje iliyojificha, ungefuata saa 24 za dunia. Ulipoanza kuachana na dunia kidogokidogo ndipo ilipodhihirika kwamba unajihesabia wenyewe. Ndiyo sababu mwendo huu ukaja kuitwa wa sakadiani, kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya "takriban siku".

Saa yenyewe haina gurudumu wala uzi. Ni kundi la jeni ambazo protini zake huzimana kwa zamu. Alfajiri hupanda protini mbili zinazofanana, CCA1 na LHY, nazo huenda moja kwa moja kwenye DNA na kuzuia jeni za jioni zisifanye kazi. Mchana unapoendelea huingia PRR9, kisha PRR7, kisha PRR5, kila moja ikichukua zamu yake ya kuzibana zile za alfajiri. Jioni huja TOC1, na pamoja nayo kundi la protini tatu zinazofanya kazi kwa kushikana, yaani ELF3, ELF4 na LUX, ambazo nazo huwabana waliotangulia. Usiku ukiisha, wa jioni nao wamepungua, na wa alfajiri wanapata nafasi ya kupanda tena. Ukiitazama kwa makini utaona kwamba karibu kila hatua ni ya kuzuia na si ya kusukuma: anayeingia zamu humfungia mlango aliyetangulia, na mzunguko huendelea kwa sababu hakuna anayeweza kukaa zamuni milele.

Jambo hili lilionekana kwa macho, na namna lilivyoonekana inanipendeza hadi leo. Watafiti walichukua sehemu ya mwanzo ya jeni moja ya usanisinuru, ile sehemu inayoamua jeni iwashwe lini, wakaiunganisha na jeni ya kimeng'enya kinachomfanya kimulimuli awake. Miche iliyopandikizwa mchanganyiko huo ilitoa mwanga hafifu usioonekana kwa macho, lakini kamera nyeti ikiwekwa juu yake katika chumba cha giza huona kila mche ukipanda na kushuka kwa mwanga, siku baada ya siku, kama unavyopumua. Kwa njia hiyo, mwaka 1995, ulipatikana mche ambao siku yake ilikuwa na saa 21 tu, na jeni iliyokuwa na hitilafu ndiyo ikapewa jina la TOC1. Baadaye, vifaa vya kupima maelfu ya jeni kwa pamoja vilipopatikana, ilibainika kuwa karibu theluthi moja ya jeni za Arabidopsis hupanda na kushuka kwa kuifuata saa hii. Ndipo mtu anapoelewa kwa nini trei iliyochumwa asubuhi na iliyochumwa jioni haziwezi kulinganishwa: theluthi moja ya kitabu imebadilishwa kurasa kabla baridi haijagusa jani.

Kuna sifa moja ya saa hii ambayo lazima niitaje kabla sijafika kwenye baridi. Mabadiliko mengi ya kikemikali hupungua kasi kwa karibu nusu kila halijoto inaposhuka nyuzi 10. Saa ya mmea, ambayo nayo imejengwa kwa kemikali tupu, haifuati kanuni hiyo. Katika halijoto za kawaida, tuseme kati ya nyuzi 12 na 27, urefu wa mzunguko wake hubaki karibu na saa 24, kwa sababu sehemu zake husawazishana: moja ikichelewa, nyingine hulegeza kizuizi chake. Saa ambayo ingechelewa kila wingu linapopita isingekuwa na faida yoyote kwa mmea. Lakini usawazishaji huo una mpaka wake, na nyuzi 4 ziko nje ya mpaka.

Sasa baridi. Jani linapopoa ghafla, utando wa seli, ambao ni mafuta kwa sehemu kubwa, huanza kukakamaa kama samli iliyoachwa mahali pa baridi. Ndani ya sekunde chache kalsiamu humiminika ndani ya seli kwa wingi, na wimbi hilo ni miongoni mwa ishara za kwanza kabisa za baridi tunazozifahamu. Baada ya dakika 15 hivi, nakala (yaani ujumbe wa RNA ambao seli huunakili kutoka kwenye jeni inapofanya kazi) za jeni tatu zinazokaa bega kwa bega kwenye kromosomu ya 4, yaani CBF1, CBF2 na CBF3, huanza kuongezeka, na baada ya saa chache hufika kileleni. Protini zinazotokana nazo hutafuta kwenye DNA mfululizo mfupi wa herufi, CCGAC, ulioko mwanzoni mwa jeni nyingine nyingi, na kuziwasha. Hizo za pili ndizo zinazofanya kazi ya mikono: kutengeneza sukari na protini zinazolinda utando, kubadilisha aina ya mafuta, kupunguza ukuaji. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Nafaka iitwayo rai, jamaa ya ngano, ikipigwa na jalidi bila maandalizi hufa kwenye nyuzi kama 5 chini ya sifuri. Ikipewa kwanza majuma machache ya baridi isiyogandisha, inaweza kuvumilia hadi karibu nyuzi 30 chini ya sifuri. Mmea ni uleule na jeni ni zilezile, ila umepewa muda wa kujiandaa.

Mwaka 2005 timu ya Michael Thomashow, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan nchini Marekani, ilichapisha jaribio ambalo laiti ningelisoma mapema. Waliichukua mimea ileile, wakaipeleka kwenye baridi ileile, ila kwa saa tofauti. Katika fani hii saa huhesabiwa tangu taa zinapowashwa, yaani tangu mapambazuko, na hapa msemaji wa Kiswahili ana raha ambayo wenzake hawana, kwa kuwa lugha yetu imekuwa ikihesabu hivyohivyo siku zote. Wenzangu wa lugha nyingine hulazimika kukumbuka kwamba saa ya nne ya jaribio ni saa kumi ya saa zao za mkononi. Kwangu saa nne ni saa nne. Basi mimea iliyoingizwa kwenye baridi saa nne asubuhi iliongeza nakala za CBF kwa wingi mno, na ile iliyoingizwa saa nne usiku, yaani saa 16 baada ya mapambazuko, iliongeza kwa kiasi kidogo zaidi kwa mbali. Tofauti hiyo ilidumu hata mimea ilipokuwa imewekwa kwenye mwanga usiokatika, kwa hiyo haikuwa suala la taa kuwaka au kuzimwa. Na walipotumia mimea ambayo CCA1 imelazimishwa kufanya kazi wakati wote, hata saa yake ikavurugika, tofauti ya asubuhi na usiku ikatoweka.

Saa, kwa maneno mengine, ni bawabu. Baridi inabisha hodi, lakini anayeamua mlango ufunguliwe kwa upana gani ni bawabu, na bawabu huyu ana ratiba. Miaka sita baadaye, mwaka 2011, timu hiyohiyo ilionyesha kwamba CCA1 na LHY hujishika moja kwa moja kwenye DNA iliyo mwanzoni mwa jeni za CBF, na kwamba mimea isiyo na protini hizo mbili hupata CBF kidogo na huumizwa zaidi na jalidi. Kwa upande wa pili, watafiti wa Japani walikuwa wamekwisha kuripoti mwaka 2009 kwamba mimea iliyopoteza PRR9, PRR7 na PRR5 kwa pamoja huishi kana kwamba muda wote iko tayari kwa shida: jeni zake za CBF ziko juu hata pasipo baridi, na inavumilia baridi, ukame na chumvi kuliko mimea ya kawaida. Ukiyaweka matokeo hayo mawili pamoja yanakubaliana vizuri, maana zile za alfajiri zinasukuma na zile za mchana zinabana.

Swali linalobaki, na ambalo nimebishana nalo na wenzangu mara nyingi, ni kwa nini ratiba iwe hivyo. Jalidi hupiga usiku wa manane na alfajiri, si saa nne asubuhi. Bawabu mwenye akili si angefungua mlango usiku? Maoni yangu, na ni maoni tu, ni kwamba kupoa kwa jioni hakuna habari ndani yake. Kila jioni hupoa. Mmea ambao ungeanzisha maandalizi makubwa kila jua linapozama ungelipa gharama bure, na gharama hiyo inafahamika: mimea iliyolazimishwa kutengeneza CBF wakati wote hudumaa na kuchelewa kutoa maua. Baridi ya saa nne asubuhi, wakati hewa ilipaswa kuwa inapata joto, ni habari nzito zaidi, kwa kuwa inasema majira yamegeuka. Tena kujiandaa ni kazi ya siku kadhaa, kwa hiyo onyo la leo mchana ni la kuukabili usiku wa wiki ijayo zaidi kuliko usiku wa leo.

Maoni haya yanapata nguvu kidogo kutokana na jambo jingine. Urefu wa mchana nao huingia katika hesabu. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba mimea iliyokuzwa kwenye siku ndefu, zenye saa 16 za mwanga, huwa na CBF kidogo kuliko ile ya siku fupi zenye saa 8, hata zote zikiwa kwenye joto la wastani. Na kinachozishusha katika siku ndefu ni phytochrome B, protini inayopokea mwanga mwekundu, ikisaidiwa na protini nyingine mbili, PIF4 na PIF7. Siku zinapofupika, kizuizi hicho hulegea na mlango wa baridi hubaki umeegeshwa. Kwa hiyo mmea haungoji baridi ifike ndipo ujue kipupwe kimekaribia.

Mpaka hapa nimeieleza saa kama bwana na baridi kama mgeni. Lakini mgeni huyu naye ana mkono mzito. Kwenye nyuzi 4, saa ya Arabidopsis hufifia: ukiuacha mmea katika mizunguko ya mwanga na giza, jeni za saa huendelea kupanda na kushuka lakini kwa vilima vifupi, na ukiuweka kwenye mwanga usiokatika, nyingi huacha kabisa kuzunguka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulitoa hoja kwamba kuvurugika huku kwa saa ndiko chanzo kikubwa cha maabara mbalimbali kupata orodha zisizolingana za jeni zinazojibu baridi. Niliusoma baada ya aibu yangu, na sitaficha kwamba ulinifariji. Watu wenye uzoefu kuniliko walikuwa wameteleza kwenye tope lilelile. Maana tatizo si la kuchuma kwa saa tofauti peke yake. Hata ukichuma kwa saa moja, jeni iliyopaswa kushuka jioni itaonekana "imewashwa na baridi" kwa sababu tu saa iliyopaswa kuishusha imesimama. Zile jeni zangu 2 zilikuwa za namna hiyo.

Katika miti jambo hili hufika mbali zaidi. Mwaka 2005 watafiti wa Hispania waliofuatilia mti wa chestnut wa Ulaya, Castanea sativa, waliona kwamba wakati wa usingizi wa majira ya baridi nakala za jeni zake zinazolingana na TOC1 na LHY hubaki juu usiku na mchana bila kupanda wala kushuka. Miche iliyohamishiwa kwenye nyuzi 4 ilifanya hivyohivyo, na iliporudishwa kwenye nyuzi 22 mzunguko ukarejea. Nyanya, ambayo asili yake ni nchi za joto na haijui kujiandaa kwa baridi, ina kisa cha kusikitisha kidogo. Tangu mwaka 1992 inajulikana kwamba ikipigwa na baridi saa yake husimama, na inaporudishwa kwenye joto huendelea kutoka pale iliposimama, kama saa ya ukutani iliyoishiwa betri usiku kisha ikawekewa betri nyingine bila kurekebishwa mishale. Kwa muda fulani mmea huo huandaa vifaa vya asubuhi wakati jua limekwisha kupita utosini. Madhara ya usiku mmoja wa baridi kwenye nyanya, basi, hayaishi baridi inapoondoka. Sehemu yake hutokana na kuamka saa isiyo yake.

Namna baridi inavyoishika saa inafahamika kwa sehemu. Jeni inaponakiliwa, nakala ya kwanza huwa na vipande visivyohitajika ambavyo seli hukata na kuunga kingo zilizobaki. Baridi hubadilisha mahali pa kukata. Nakala za LHY zinazotengenezwa kwenye nyuzi 4, kwa mfano, nyingi hubaki na kipande ambacho kilipaswa kuondolewa, na nakala yenye kipande hicho haiwezi kutoa protini kamili. Ukipima LHY kwa kifaa kisichotofautisha nakala nzima na nakala mbovu, utaandika kwamba jeni inafanya kazi, ilhali protini yenyewe inapungua. Hili nalitaja kwa sababu wengi wetu tunapima nakala na kuzungumza kana kwamba tumepima protini.

Sehemu inayonivutia zaidi siku hizi iko nje ya kiini cha seli kabisa. Kloroplasti, zile chembe za kijani zinazofanya usanisinuru, zina DNA yake ndogo ya duara, urithi kutoka kwa bakteria wa zamani waliomezwa na seli na wasimeng'enywe. Katika Arabidopsis DNA hiyo ina jozi 154,478 za herufi na jeni chache tu, lakini miongoni mwake zimo zinazotengeneza kiini cha mtambo wa usanisinuru. Saa haimo humo; saa iko kwenye kiini cha seli. Kloroplasti hujuaje basi kwamba kumekucha, au kwamba kuna baridi? Kiini cha seli hutuma wajumbe. Kimeng'enya kinachonakili jeni nyingi za kloroplasti hakiwezi kuchagua mahali pa kuanzia bila kusaidiwa na protini ziitwazo sigma, na zote sita za Arabidopsis hutengenezwa kwa maagizo ya jeni zilizoko kwenye kiini, kisha husafirishwa hadi ndani ya kloroplasti. Mmoja wa wajumbe hao, SIG5, hubeba habari za saa: mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba ndiye anayezifanya baadhi ya jeni za kloroplasti zipande na kushuka kwa kufuata saa ya kiini.

Mwaka 2023 ikaongezeka habari kwamba SIG5 hubeba pia ujumbe wa baridi. Jani likipoa, protini mbili, HY5 na mwenzake HYH, huiwasha jeni ya SIG5. SIG5 huingia kwenye kloroplasti na kuongeza kunakiliwa kwa psbD, jeni ya protini moja muhimu ya mtambo wa kwanza kuupokea mwanga katika mlolongo wa usanisinuru. Mantiki yake si ngumu kuiona. Baridi hupunguza kasi ya vimeng'enya, lakini haipunguzi mwanga wa jua. Nishati inaendelea kumiminika kwenye mtambo usioweza kuitumia yote, nao unaungua na kuhitaji vipuri vipya. Na hapa tena bawabu yuko mlangoni: kiasi ambacho baridi inaweza kuiwasha SIG5 hutegemea saa ya siku. Mimea isiyo na SIG5 hufanya usanisinuru kwa ufanisi mdogo zaidi inapokaa muda mrefu kwenye baridi. Mwaka uliofuata, mtandao huuhuu wa ishara ulichunguzwa nchini Japani katika mimea ya Arabidopsis halleri, ndugu wa thaliana, inayojiotea yenyewe, ambako mwanga, baridi na saa hubadilika vyote kwa pamoja wala hakuna kabati la kuvitenganisha. Mimi naona huko ndiko kazi ngumu iliko. Katika kabati langu baridi hufika ghafla, nyuzi 18 zikiporomoka kwa dakika chache, jambo ambalo huko nje mmea haukutani nalo mara nyingi.

A. halleri hiyohiyo ndiyo iliyonionyesha kwamba si kila jibu la baridi ni la saa za siku. Watafiti wa Japani waliipima jeni yake ya FLC, ambayo huzuia maua, kila wiki kwa miaka miwili, na mwaka 2010 wakaripoti kwamba kiwango chake kinaelezeka vyema kwa kuangalia halijoto ya wiki 6 zilizopita. CBF hujibu kwa dakika na humtii bawabu wa saa. FLC haijali baridi ya leo wala ya jana, inajumlisha tu. Mmea mmoja, baridi moja, na daftari mbili za hesabu zenye kasi tofauti kabisa.

Siku hizi nachuma kila baada ya saa nne kwa siku mbili mfululizo, trei ya joto na trei ya baridi kwa pamoja, na zamu za usiku nazifanya mwenyewe. Saa nane usiku naingia chumbani na taa ndogo ya kijani iliyofifishwa kwa karatasi, kwa sababu mwanga huo hauishtui sana saa ya mmea, na napapasa majani zaidi ya kuyaona. Vipande vya alumini nimekwisha kuviandika kabla ya kulala: joto au baridi, siku ya kwanza au ya pili, saa ngapi. Grafu iliyotokana na kazi hiyo iko ukutani juu ya meza yangu. Mstari wa mimea ya joto una vilima viwili vinavyofanana; mstari wa mimea ya baridi una kilima kimoja kirefu asubuhi ya kwanza, kisha unakwenda karibu bapa. Nukta ya saa nane usiku wa pili haipo. Nilikuwa nimekaa kitini kungoja, nikasinzia, na nilipoamka taa za chumba zilikuwa zimekwisha kuwaka.